Homa ya mafua: kuugua, kuchomwa sindano au kupuliziwa puani? Ulinganisho wa seli zinazoamshwa na kila njia

Msimu wa homa ya mafua unapokaribia, swali lilelile hurudi katika familia nyingi: je, kuna haja ya kulipia chanjo ya ugonjwa ambao wengi hupona wenyewe baada ya wiki moja, na kama haja ipo, ni chanjo ipi? Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hukutana na swali hilo katika kliniki ya binafsi au anapojiandaa kwenda Hija. Aliyeko Leicester au Birmingham hukutana nalo shule inapoomba idhini ya mzazi ili mtoto apuliziwe chanjo puani. Majibu ya mitaani hayakosekani. Yupo anayeshikilia kwamba kinga ya kuugua ndiyo kinga ya kweli, na yupo anayeamini kwamba sindano ndiyo yenye nguvu kwa kuwa inauma. Majibu yote mawili yanaichukulia kinga kama kitu kimoja kinachopanda na kushuka, ilhali dhidi ya influenza mwili hutumia makundi kadhaa ya seli yenye kazi tofauti, na kila njia huyaamsha baadhi yake kuliko mengine.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni influenza, ile homa inayomlaza mtu ghafla kwa baridi, maumivu ya misuli na kikohozi kikavu. Mafua ya kawaida ya kutiririkwa na kamasi husababishwa na virusi vingine, na hakuna kati ya chanjo zinazolinganishwa hapa inayoyazuia.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia itapimwa kwa mambo manne: seli inazoziamsha na mahali seli hizo zinapokaa, upana wa kinga na muda wake, gharama inayolipwa na mwili, na watu inaowafaa au kutowafaa, pamoja na upatikanaji wake. Njia zenyewe ni nne: kuugua bila chanjo, sindano ya kawaida, chanjo ya kupuliza puani, na sindano iliyoongezwa nguvu kwa ajili ya wazee. Lakini vigezo hivi havitaeleweka bila kujua kwanza kinachotokea ndani ya njia ya hewa kirusi kinapoingia.

Siku saba ndani ya njia ya hewa

Kirusi cha influenza hujishika kwenye seli za utando wa pua, koo na koromeo la hewa kwa protini yake ya nje iitwayo hemaglutinini, kisha huingia ndani, na baada ya saa chache seli iliyovamiwa huanza kutoa virusi vipya. Seli hiyo haifi kimya. Hutoa interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli jirani zifunge njia ambazo kirusi huzitumia kujizalisha. Kemikali hiyo iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann huko Mill Hill, London, walipokuwa wakifanya majaribio kwa kirusi hikihiki cha influenza. Sehemu kubwa ya homa, uchovu na maumivu ya mwili ya siku za mwanzo huletwa na interferoni na kemikali wenzake wa kinga, kwa hiyo mgonjwa anayetetemeka chini ya blanketi anahisi zaidi mapambano ya mwili wake kuliko kazi ya kirusi.

Wakati huo seli za mstari wa kwanza huwa zimeshafika. Makrofaji humeza virusi na mabaki ya seli zilizokufa, nyutrofili humiminika kutoka kwenye damu, na seli za NK, yaani seli za kuua kwa asili, huziua seli zinazoonyesha dalili za kuvamiwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtambua adui kwa jina. Hupambana na chochote kinachofanana na hatari. Kazi ya kumtambua huanzia kwa seli za dendriti, ambazo huokota vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye tezi za limfu za shingoni na kifuani. Huko hutafutwa, miongoni mwa mamilioni ya seli T na seli B, makundi mawili ya chembe nyeupe za damu, zile chache ambazo vipokezi vyake vinalingana na vipande hivyo, nazo huzaliana kwa kasi. Seli T saidizi, yaani zilezile za CD4 ambazo wengi walizijua kupitia vipimo vya Ukimwi, huratibu kazi nzima. Seli T za kuua, za kundi la CD8, husafiri hadi mapafuni na kuziangamiza seli zilizovamiwa. Kwa mtu anayekutana na kirusi mara ya kwanza, huwasili kwa wingi kati ya siku ya tano na ya saba hivi, na ndipo wingi wa virusi huanza kuporomoka. Seli B hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoning'inia kwenye kirusi na kukizuia kisijishike: IgG huzunguka zaidi kwenye damu, na IgA hutolewa kwenye ute wa pua na koo.

Tofauti moja ndiyo inayobeba ulinganisho wote unaofuata. Kingamwili huona nje ya kirusi, hasa hemaglutinini, ambayo ni kama kanzu inayobadilishwa karibu kila msimu. Seli T huona vipande vya protini za ndani, kama ile inayofunika jeni za kirusi, na hizo hubadilika polepole sana. Kwa hiyo kingamwili zinazolingana na kirusi cha mwaka huo zinaweza kuzuia maambukizi yasianze kabisa, lakini hupitwa na wakati upesi. Seli T haziwezi kuzuia mlango usifunguliwe, lakini zinaweza kufupisha ugonjwa na kuupunguza makali hata kirusi kinapokuwa kimebadilika.

Kuugua bila chanjo

*Seli zinazoamshwa.* Zote. Maambukizi halisi huamsha seli T saidizi na za kuua, seli B, IgG ya damu na IgA ya ute, na baadhi ya seli T za kumbukumbu hubaki ndani ya tishu za mapafu zikisubiri.

*Upana na muda.* Katika hili, wanaosifu kinga ya kuugua wana hoja. Kingamwili za aina ya kirusi kilichokufanya uugue zinaweza kudumu miaka mingi sana. Mwaka 2009, kirusi kipya cha H1N1 kilipoenea duniani, wazee waliambukizwa kwa uchache kuliko vijana, kwa sababu wengi wao walikuwa wamekutana na jamaa wa kirusi hicho kabla ya mwaka 1957. Hata hivyo kinga hiyo haivuki mipaka kirahisi: aliyeugua H3N2, aina nyingine ya kirusi cha influenza, mwaka huu hana kingamwili za kutosha dhidi ya H1N1 wala aina ya B, na zile seli za kumbukumbu zilizobaki mapafuni hupungua kadiri miezi inavyopita.

*Gharama kwa mwili.* Somo hili hulipiwa kwa ugonjwa wenyewe. Kirusi huharibu utando wenye vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje ya njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wametulia kooni hupata nafasi ya kushuka mapafuni na kuleta nimonia. Wengi waliokufa katika janga la mwaka 1918 walimalizwa na nimonia ya namna hiyo. Moyo pia hulipa: utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba hatari ya shambulio la moyo ilikuwa takriban mara sita zaidi katika wiki ya kwanza baada ya influenza kuthibitishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka vinavyotokana na athari za ugonjwa huu kwenye mfumo wa hewa. Tena anayeugua huambukiza, mara nyingi tangu siku moja kabla ya dalili zake kuanza, na hachagui wa kumwambukiza.

*Anayefaa.* Sijui daktari anayemshauri mtu augue kwa makusudi, lakini si haki kuipuuza njia hii, kwa kuwa watu wengi wa Afrika Mashariki huipitia bila kuichagua. Kijana mwenye afya asiyekaa na mtoto mchanga, mjamzito au mzee ana nafasi kubwa ya kutoka salama.

Sindano ya kawaida

*Seli zinazoamshwa.* Dozi ya nusu mililita huchomwa kwenye msuli wa bega. Nyingi ya sindano hizi hutengenezwa kwa virusi vilivyokuzwa kwenye mayai ya kuku, vikauawa, vikavunjwavunjwa na kusafishwa hadi kubaki hasa hemaglutinini, maikrogramu 15 kwa kila aina ya kirusi. Seli za mstari wa kwanza hukusanyika pale msulini, na ndiyo maana mkono huuma kwa siku moja au mbili. Seli za dendriti huchukua vipande hadi kwenye tezi za kwapani, na kazi ya kuchagua na kuzalisha seli huendelea kama kawaida. Kwa kuwa hakuna kirusi hai kinachoingia ndani ya seli, seli T za kuua huamshwa kidogo tu. Matokeo makuu ni seli B na kingamwili za IgG kwenye damu, ambazo hupenya hadi mapafuni vizuri kuliko zinavyofika puani. Ndiyo sababu aliyechanjwa anaweza bado kupata homa nyepesi ya mafua, lakini ana nafasi ndogo zaidi ya kulazwa.

*Upana na muda.* Kinga huwa tayari baada ya wiki mbili hivi na hufifia baada ya miezi kadhaa. Ni nyembamba: inategemea kama aina zilizochaguliwa zinalingana na virusi vinavyozunguka. Shirika la Afya Duniani huchagua aina hizo mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Chaguo likilingana vizuri, chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa kiwango cha chanjo ya surua hilo ni dogo. Kwa ugonjwa unaobadilika kila mwaka, binafsi naliona si haba.

*Gharama kwa mwili.* Mkono kuuma, wakati mwingine homa ndogo kwa siku moja. Sindano haiwezi kukuambukiza influenza, maana hakuna kilicho hai ndani yake. Madhara makubwa ya neva yanayojulikana kama Guillain-Barré, pale ambapo uhusiano umeonekana, yamekadiriwa kuwa mtu mmoja au wawili wa ziada kwa kila dozi milioni, na influenza yenyewe pia inaweza kuyaleta.

*Anayefaa.* Karibu kila mtu kuanzia miezi sita. Kwa mjamzito ina faida ambayo njia nyingine haimpi kwa usalama kama huo: IgG yake huvuka kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika miezi ambayo yeye mwenyewe ni mdogo mno kuchanjwa. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikipishana kwa angalau wiki nne, kwa sababu seli zake hazina kumbukumbu ya kuanzia. Kenya na Tanzania, chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, kwa hiyo mara nyingi hulipiwa mfukoni katika hospitali na kliniki za binafsi.

Chanjo ya kupuliza puani

*Seli zinazoamshwa.* Hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. John Maassab wa Chuo Kikuu cha Michigan alivizoesha kukua kwenye nyuzijoto 25 hadi vikapoteza uwezo wa kuzaana vizuri kwenye joto la mapafu. Mtoto hupuliziwa sehemu moja ya kumi ya mililita katika kila tundu la pua, bila kulazimika kuvuta pumzi kwa nguvu, na virusi huzaana kidogo palepale puani, penye ubaridi. Kwa kuwa vinaingia ndani ya seli, mwili huvishughulikia kama maambukizi madogo: IgA hutokea kwenye ute, na kwa watoto seli T huamshwa kuliko kwa sindano. Kinga hujengwa mahali ambapo kirusi halisi kitaingilia.

*Upana na muda.* Kinadharia kinga yake ni pana zaidi, kwa sababu ya seli T. Kimatokeo hadithi si nyoofu. Marekani iliacha kuipendekeza kwa misimu miwili kuanzia 2016, baada ya kuonekana kwamba ilikuwa dhaifu dhidi ya H1N1, ikairejesha katika msimu wa 2018 hadi 2019 baada ya mtengenezaji kubadilisha aina ya kirusi kilichomo. Uingereza, iliyoanza kuwapa watoto mwaka 2013, haikuiacha. Anayesoma takwimu za msimu mmoja na kuhukumu chanjo nzima anaharakisha.

Kwa watu wazima kuna kikwazo ambacho seli zenyewe hukieleza. Mtu aliyekwisha kuugua influenza mara kadhaa maishani ana kingamwili kwenye pua zake, nazo huvimaliza virusi dhaifu vya chanjo kabla havijazaana vya kutosha kulifundisha jeshi jipya. Kinga ya zamani huizuia chanjo isifanye kazi yake. Ndiyo maana dawa hii hung'ara zaidi kwa watoto, ambao pua zao bado hazijawahi kukutana na mengi.

*Gharama kwa mwili.* Kamasi, pua kuziba, homa ndogo. Haifai kwa mjamzito, kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa kinga, wala kwa mtoto anayetumia aspirini. Aliyechanjwa anaweza kutoa virusi vya chanjo kwa siku chache, jambo lisilo na uzito katika nyumba nyingi, lakini lenye uzito mkubwa kama ndani yumo mgonjwa aliyepandikizwa uboho hivi karibuni.

*Anayefaa.* Watoto kuanzia miaka miwili. Marekani huruhusiwa hadi miaka 49, Ulaya chini ya 18. Wazazi Waislamu walioko Uingereza wana swali la ziada, kwa sababu chanjo hiyo ina jelatini ya nguruwe inayovilinda virusi vyake visiharibike. Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kwamba jelatini iliyogeuzwa kabisa kutoka asili yake inaruhusiwa, na wengine hawakukubaliana nao. Huduma ya afya ya Uingereza huwapa sindano isiyo na jelatini wasioitaka ile ya puani, hivyo anayesita hana sababu ya kumwacha mtoto bila chanjo yoyote: aiombe sindano waziwazi anapojaza fomu.

Sindano iliyoongezwa nguvu

*Seli zinazoamshwa.* Ni zilezile za sindano ya kawaida, ila mwanafunzi ni mwili uliochoka. Tezi ya thaimasi, inayokomaza seli T, hunywea tangu ujana, na mtu akifika miaka 65 seli T mpya ni chache na seli B hujibu kwa uvivu. Kuna namna mbili kuu za kuushtua mwili huo. Moja ni kuongeza dozi mara nne, maikrogramu 60 kwa kila aina. Nyingine ni kuchanganya chanjo na mafuta ya skwaleni yanayoziita seli nyingi zaidi za mstari wa kwanza pale msulini, mbinu iliyoidhinishwa Italia tangu 1997. Ipo pia sindano inayotengenezwa kwenye seli za wadudu bila kutumia mayai, yenye maikrogramu 45 kwa kila aina.

*Upana na muda.* Kingamwili huwa nyingi zaidi, lakini upana ni uleule. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba dozi kubwa ilizuia takriban asilimia 24 zaidi ya visa vya influenza kwa wenye miaka 65 na kuendelea, ikilinganishwa na sindano ya kawaida.

*Gharama kwa mwili.* Mkono huuma zaidi.

*Anayefaa.* Wazee, hasa wa Ulaya na Marekani ambako hupatikana kwa urahisi. Mzee asiyeweza kuipata asisubiri. Sindano ya kawaida iliyopo leo inamfaa kuliko ile bora isiyokuwepo.

Kulingana na hali yako

Kama una mtoto wa miaka miwili na kuendelea na unaishi mahali ambapo chanjo ya puani inatolewa, nayo haikukwazi kiimani, ni chaguo jema, hasa kwa mtoto anayeogopa sindano. Ikiwa mtoto huyo ana upungufu mkubwa wa kinga, au alipata mlipuko wa pumu hivi karibuni, sindano ndiyo salama zaidi, na daktari wake aulizwe kwanza.

Mjamzito achague sindano, katika mwezi wowote wa ujauzito. Anayeishi na virusi vya Ukimwi pia ni wa sindano. Kama CD4 zake ziko chini sana, kingamwili zake zitakuwa haba, kwa hiyo kuwachanja watu anaoishi nao ni sehemu ya kinga yake.

Anayeishi karibu na ikweta, kama Kenya au Uganda, ambako influenza huonekana karibu mwaka mzima badala ya kusubiri baridi ya Disemba, aangalie boksi kabla ya kulipa. Kwa kawaida mwaka mmoja huashiria mchanganyiko wa kusini, na miaka miwili iliyotenganishwa kwa mkwaju huashiria wa kaskazini; muhimu ni kupata mchanganyiko mpya zaidi uliopo, ambao muda wake haujaisha na uliohifadhiwa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8. Anayekwenda Hija achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu seli B hazifanyi haraka hata kama ndege inaondoka kesho.

Na ambaye homa imeshampata hana tena cha kuchagua kati ya chanjo hizi kwa ugonjwa huo. Antibayotiki hazimsaidii dhidi ya kirusi. Kama ana miaka zaidi ya 65, ni mjamzito, au ana ugonjwa wa moyo, mapafu au kisukari, amwone daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya oseltamiviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Asiyekuwa miongoni mwa hao apumzike, anywe maji ya kutosha, akae mbali na wadogo na wazee wa nyumba, na aende hospitali mara moja akiona anapumua kwa shida, au homa iliyokuwa imeshuka imerudi kwa nguvu pamoja na makohozi mazito.